Mzee Karata Ainuka Akicheka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika "Kona ya Karata" katika gazeti letu, Mzee Karata anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili za utumishi, lakini ukiliulizia chumba cha habari utaambiwa mtu huyo hayupo.

Kazi yake ilikuwa kuwashauri wacheza kamari. Kazi ya ajabu, tunakubali. Aliajiriwa kusahihisha prufu, akashikishwa kona hiyo kwa muda tu, mwandishi wake wa awali alipougua. Muda wenyewe ndio unaisha sasa.

Barua zilimfuata kwa magunia. Msomaji mmoja aliota nyoka, akataka kujua acheze namba gani. Mzee akamshauri akague kwanza uvungu wa kitanda. Mwingine, kinyozi, alikuwa mbioni kuweka dau mashine yake ya kunyolea. Alijibiwa kwamba mashine haijui karata, aiache ifanye kazi inayoijua. Kinyozi huyo alikuja ofisini kushukuru, na mpaka leo ndiye anayemnyoa Mzee, ingawa siku hizi hamna cha kunyoa.

Kitabu chake alikiita "Inuka Ukicheka", maana ushauri wake wote ulikuwa huo: ondoka mezani furaha ingalipo. Mchapaji akateleza, jalada likatoka "Inuka Ukichekwa". Sisi tulitaka kulia. Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akakataa lirekebishwe. Asiyeinuka akicheka, alisema, atainuka akichekwa.

Lakini mganga hajigangi. Kila baada ya chai ya mchana tulicheza naye karata kwenye meza ya stoo, kwa dau la njugu. Karata zilichakaa hata tukazijua kwa migongo, na bado Mzee alifungwa. Kila mchezo aliuita wa mwisho, na hakuinuka mpaka njugu zimwishie. Jamani, tutaikumbuka meza ile!

Na kustaafu kukawa vivyo hivyo. Mara mbili muda wake ulifika, mara mbili akaongeza mkataba "wa mwisho". Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameshaweka viti viwili barazani. Kimoja kilibaki kikipata vumbi. Macho ya mama yameanza kufifia, na alimwambia mumewe waziwazi kwamba anataka wakae pamoja angali akimwona.

Mwezi uliopita mhariri alimpa mkataba wa tatu, mnono kuliko yote. Tukawekeana dau la soda. Chumba kizima tulisema atasaini. Mama wa chai peke yake alisema ataondoka. Mzee aliingia kwa mhariri, akaurudisha mkataba bila saini, akaeleza kwamba nyumbani kuna kiti kinamngoja. Alitoka akicheka, macho yakimlengalenga machozi. Yetu pia.

Mzee wetu, asante kwa ucheshi wako na kwa kila msomaji uliyemrudisha kwake na mfuko wake mzima. Kapanguse kile kiti, ukae, mama akutazame mpaka achoke. Siku zako zote mbele ziwe njema na tulivu.

Wewe umeinuka ukicheka. Tunaochekwa ni sisi, na mama wa chai bado anakunywa soda zetu.