Maikrofoni Niliyoifunga Uani

Sogeeni wanangu, Ausi na Mwanaasha, na dirisha mliache wazi, spika ielekee njiani. Maikrofoni iwekeni hapa kifuani pangu, lakini msiiwashe bado, kwa kuwa nataka mnisikie kwanza ninyi, damu yangu, kabla hawajanisikia watu wa mtaani.

Nyumba hii na shamba la mikorosho la Fukayosi vigawanywe kwa sheria ya dini kama kadhi atakavyopanga, wala msigombane. Kinachonitisha ni hiki chuma kilicho kifuani pangu. Klabu yetu ya muziki ilipovunjika nilikichukua mimi, katibu wake, watu wakadhani nakipenda, kumbe nilitaka kukiharibu. Nimekibamiza sakafuni, nimekigonga kwa mchi, masika nzima nilikiacha nje kikinyeshewa. Wavu wake umebonyea, lakini jana Ausi alipokiunganisha na betri kilitoa sauti safi kama siku tulipokitoa dukani Dar es Salaam. Mliona jasho langu mkadhani ni homa.

Agosti mwaka 1953 tulipiga muziki kwenye arusi ya Bi Mgeni binti Dadi. Wanawake waliimba peke yao uani, nyuma ya makuti, kama ilivyo desturi. Klabu ya pili ya mtaani, wapinzani wetu, ilikuwa ikitucheka kwamba tumenunua chuma na hatuna koo la kukitumia, na mimi nilijua koo liko wapi: kwa Mwanamkasi binti Abdala, mke wa Mikidadi bin Pazi, mshona kanzu. Nikapenyeza maikrofoni kwenye makuti, nikaifunga kwenye nguzo, bila kumwambia mwanamke yeyote. Spika ilikuwa barazani kwa wanaume. Mwanamkasi alipoanza kuimba, baraza zima liliigeukia spika, kisha mmoja akasema, "Bwana Mikidadi, kumbe leo umetualika sote chumbani kwako." Wakacheka. Mikidadi aliweka kikombe chini, kahawa hakuimaliza.

Kesho yake wazee walituita msikitini. Mimi karani wa serikali, niliogopa aibu, nikaweka mkono juu ya Msahafu nikaapa kwamba Mwanamkasi mwenyewe ndiye aliyeiomba maikrofoni ile. Yeye hakuulizwa. Alipewa talaka tatu siku hiyohiyo, akarudi kwao Saadani, na binti yake Ashatu akabaki kwa baba, akiambiwa miaka yote hii kwamba mama yake hana haya.

Kesho Ashatu anaolewa. Mwanaasha, wewe ndiye uliyeniambia kwamba Mwanamkasi amefika na Mikidadi amemzuia mlangoni. Basi sina tena siku ya kungoja. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi tangu Jumatatu, na ndio ule ulioshika Msahafu. Naogopa, wanangu. Naogopa ulimi nao usije ukafuata kabla sijasema.

Msinisihi ninyamaze kwa ajili ya jina lenu. Mtachekwa sokoni, vumilieni. Nikifa, mtu asisimame kaburini kunishuhudia kuwa nilikuwa mkweli, mpaka Mwanamkasi aseme amenisamehe, na asiposema, nizikeni kimya. Maikrofoni ni yake. Akitaka aiimbie, akitaka aitupe baharini.

Mungu awahifadhi. Awape riziki ya halali na watoto wenye kheri, na woga wangu asiurithi hata mmoja wenu. Sasa washa, Ausi. Isogeze... karibu zaidi, pumzi hainitoshi.

Jirani zangu, ni mimi, Msabaha bin Mwishehe. Mikidadi, najua uko hapo ng'ambo ya njia, cherehani yako naisikia. Mwanamkasi binti Abdala hakuiomba maikrofoni. Hakujua kama ipo. Niliifunga mimi... niliapa uongo. Mfungulie mlango... amwone mwanawe.

Ausi, imefika? Mimi sisikii vizuri tena... Niambie, baba. Cherehani imenyamaza?