Nilivyomchagua Koko wa Mchumba Wangu

Jina la Bwana litukuzwe, kanisa la Beechmont! Itikieni kwa nguvu, maana aliyesimama hapa si yule mliyemuaga mwaka 2014. Niliondoka hapa Louisville nikiwa mbeba maboksi ghalani. Nimerudi kutoka Columbus na diploma, gari na mke, na sikusukumwa na mtu. Lakini leo nashuhudia habari za macho.

Ndugu zangu, nilikuwa sioni mbali! Uso wa mtu aliye hatua tano mbele yangu ulikuwa kama uji. Hapa hapa Beechmont nilisimamisha lori la takataka nikidhani ni basi, na dereva akasimama kweli! Mama mchungaji alinipungia mkono dukani nikampita kama mti, mkasema nina kiburi. Kiburi nilikuwa nacho: niliapa sitavaa miwani. Miwani ni ya wazee, nilimwambia hata Furaha, mchumba wangu.

Furaha aliishi Buffalo na wazazi wake. Tulijuana kwenye mkutano wa kwaya, tukaendelea kwa simu. Siku ya posa wajomba zangu wawili waliniendesha kutoka Whitehall, tunakoishi kule Columbus, nimevaa suti mpya. Mnajua desturi: wasichana wa ukoo hupangwa mstari, kitenge kimoja wote, na bwana harusi anamtambua wake akiwa mlangoni. Koko, nyanya yake Furaha, akasema hata yeye bado ni msichana, akajipanga katikati.

Nilitazama. Niliona kitenge kimoja kirefu chenye vichwa sita! Nikanyoosha kidole kwa ujasiri wa mwenye diploma.

"Ni huyu! Namjua hata gizani!"

Ukumbi ukalipuka. Koko akapiga vigelegele: "Bon, nimekubali! Leteni ng'ombe!"

Shangazi yake Furaha hakucheka. "Donc, yaani unamuacha mtoto wetu, unaoa koko? Rudini Columbus. Siku atakapomjua mke wake, tutazungumza."

Ndugu zangu, nililia njia nzima mpaka Columbus! Nikafunga siku tatu nikiomba macho. Mchungaji wa kule akaniuliza, "Kaka, kwa daktari umekwenda?"

Sikuwa nimekwenda.

Daktari alipima unene wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, akasema yangu inafaa leza, ule mwali wa mwanga unaorekebisha macho. Wakanitia matone ya ganzi, wakaniambia nitazame taa ndogo nisisogee. Nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, nikaanza kukemea pepo. Nesi akaniomba nitulie. Dakika chache, kwisha! Kesho yake nilisoma bango la barabarani kabla ya kulifikia.

Tukarudi Buffalo. Mstari ule ule. Haleluya, niliona kila uso, hata meno mawili ya koko! Nikamtaja Furaha, nikamnyooshea mikono. Akaja akitabasamu, amekunja macho, akanipita, akamkumbatia mjomba wangu!

"Ulisema miwani ni ya wazee," akaninong'oneza baadaye, karibu kulia. "Nimeificha tangu tujuane."

Nikaitoa kwenye mkoba wake, nikamvisha mbele ya ukoo wote. Akanikagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema. "Bon. Si mbaya."

Yuko pale, safu ya pili, na miwani yake. Konea yake ni nyembamba, leza haimfai. Namshukuru Mungu kwa daktari, kwa miwani na kwa koko aliyenisamehe. Na wewe ndugu wa safu ya mwisho, unayekunja macho kunitazama: nakuona! Mtumaini Bwana, na kesho asubuhi nenda ukapimwe.