Harufu Chini ya Mlango wa Bafu la Mzee

Kijiwe cha Fundi Saa na wenzake kilikuwa mbele ya kibanda cha kinyozi: ubao mrefu juu ya matofali, birika la Bi Kahawa likifuka moshi juu ya jiko la mkaa, na pikipiki zikipita karibu na vidole vya miguu yao. Asubuhi ile Fundi Saa alikuja hajachana nywele. Mikono yake, ambayo siku zote hushika skrubu ndogo kama punje ya mtama bila kutikisika, ilipokea kikombe ikinuka dawa ya sinki. Ilikuwa wiki ya tatu nyumba yake inanuka kama shimo la choo lililoachwa wazi, na jana yake mkewe alikuwa amefungasha nguo, akawachukua watoto, akaenda kwa dada yake. "Ikiisha tutarudi," alisema, wala hakugeuka nyuma.

— Kunywa kwanza, baba, alisema Bi Kahawa. Hofu na njaa usizilaze kitanda kimoja.

— Panya huyo, alisema Kinyozi, akikung'uta kitana chake. Kafia darini.

— Nimepanda darini mara mbili. Hakuna panya.

— Basi kafia ukutani. Panya ni kama siri, bwana. Akiwa hai humwoni, akifa mtaa mzima unajua.

— Nimesugua jikoni. Nimemwaga dawa kwenye sinki mpaka macho yakaniwasha. Wapi!

Profesa alikohoa. Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa karani mstaafu aliyesoma kila kipande cha gazeti kilichofungiwa vitunguu.

— Chatu, alisema. Anaingia kwenye bomba angali mwembamba kama mrija. Anakula humo, ananenepa humo, kutoka hawezi. Anaoza. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini tena kwenye bomba?

— La kumchimbia!

Kinyozi alicheka, kisha akaacha ghafla. Akasogea, akashusha sauti.

— Mnamkumbuka yule mpiga rangi aliyepanga pale kabla ya familia ya Fundi? Nilimnyoa Jumamosi. Jumatatu hayupo. Godoro kaliacha, ndoo kaziacha. Na korido ya nyumba ile ina kiraka cha saruji. Mimi sijasema kitu. Nasema tu kiraka kipo.

Kiraka kilikuwepo kweli. Fundi Saa alikuwa akikikanyaga kila siku.

— Miaka sita imepita, alisema Bi Kahawa. Maiti gani hiyo inaanza kunuka leo?

— Maiti haina saa, alisema Profesa.

— Acheni ujinga. Baba, hebu niambie mimi. Harufu inatokea wapi hasa?

Fundi Saa aliutazama mchanga kati ya miguu yake. Hili hakuwa amemwambia hata mkewe.

— Chini ya mlango wa bafu la mzee.

Wanaume wote wa kijiwe walikuwa wamebeba jeneza la mzee huyo mabegani, miezi minne iliyopita. Baba yake Fundi Saa aliteleza mle bafuni, akavunjika nyonga, na hakumaliza wiki. Siku ya pili baada ya mazishi mwanawe alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, na tangu hapo familia ikawa inaogea bafu la uani.

Profesa hakuwa mtu wa kukosa methali.

— Ndiyo dunia, alisema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Aliposikia alichokisema alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Lilimchoma Fundi Saa mahali ambapo hakuna aliyepajua. Asubuhi aliyoteleza, mzee alimwita. Alimwita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaka taulo. Naye, saa ya mteja ikiwa wazi mezani, alijibu "nakuja, baba", akakaza kwanza skrubu mbili. Ya pili ndiyo aliyokuwa akiikaza aliposikia kishindo.

— Sikiliza, ndugu yangu, alisema Kinyozi. Mzee ana neno na wewe. Harufu hiyo ni wito. Mlango usiufungue.

— Hama, alisema Profesa. Leo leo.

— Ukiufungua mzee atakuuliza, alisema Kinyozi.

— Samahani, wazee wangu.

Wakageuka. Mwanamke mwenye ovaroli ya buluu, mfuko wa spana begani, alikuwa amesimama akisubiri kahawa. Alikuwa fundi bomba, akitengeneza mifereji ya zahanati ya jirani.

— Kuna yeyote kati yenu aliyeingia humo bafuni akatazama?

Kinyozi alichunguza meno ya kitana. Profesa alichungulia kikombe chake, kitupu. Fundi Saa aliugusa ufunguo mfukoni.

— Nipeleke, alisema yule mama.

Mbele ya mlango wa bafu, Fundi Saa alimnyooshea ufunguo. Yule mama hakuupokea.

— Fungua wewe. Mimi niko hapa hapa.

Fundi Saa akaingiza ufunguo. Alifungua. Harufu iliwapiga usoni, wote wawili wakarudi hatua. Ndani, taulo lilikuwa bado kwenye msumari. Sabuni ya mzee ilikuwa imepasuka-pasuka. Fundi bomba alipiga magoti, akamulika tochi kwenye tundu la sakafuni.

— Njoo uone. Pakavu.

— Hakuna… kitu?

— Hakuna kitu, na ndilo tatizo. Bomba hili huku chini limepinda kama kiwiko. Maji hutuama pale kwenye kiwiko, yakaziba harufu ya shimo isipande. Watu wasipooga, maji yanakauka, njia inabaki wazi. Leta ndoo.

Alimimina polepole. Tundu likagugumia, likatulia. Yule mama akafungua dirisha, wakangoja, na harufu ikaanza kupungua kidogo kidogo.

— Mwagia maji kila wiki, alisema akiokota mfuko wake. Au ogeni tu.

Alipoondoka, Fundi Saa alikaa chini kwenye sakafu ile ile.

— Baba, alisema. Uliniita, nikachelewa.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Alilia hapo, peke yake, kilio ambacho mazishini hakikutoka. Kisha akampigia simu mkewe.

— Imeisha, alisema. Ilikuwa bafu la baba.

— Umefungua mwenyewe? aliuliza mkewe.

— Nimefungua.

— Usifunge, mume wangu. Nakuja tukusanye vitu vyake.