Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi Kaneez Pyarali katika Chumba cha Michoro

Tarehe 30 Juni 1998 Bi Kaneez Pyarali atakabidhi ufunguo wa chumba cha michoro na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha lebo na maboksi kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu idara yangu ya ukataji iko chini ya chumba chake. Nakiri mapema kwamba kwa miaka mingi nilizijua nyayo zake darini kuliko nilivyomjua mwenyewe.

Alianza kazi mwaka 1967, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Barabara ya Saba, Ngamiani, hapa Tanga, ambako baba yake aliuza vitambaa. Chumba kilikuwa na meza nne: yake, ya Ernesti, ya Sadalla, na ya mzee Mufaddal aliyewafundisha wote. Kwa wasioijua kazi hiyo: mteja analeta mchoro uliolala kwenye karatasi, na wao humwonyesha utakavyokuwa ukishabandikwa kwenye boksi au kopo. Siku hizo walikata manila kwa wembe, wakakunja, wakabandika mchoro, wakapiga picha, kisha wakaficha maungio kwa brashi nyembamba. Karani mmoja wa stoo aliwahi kuchukua boksi la majani ya chai mezani kwa Bi Kaneez, akabandika maji jikoni, akalifungua. Lilikuwa tupu. Hadithi hiyo ilitembea kiwandani mwaka mzima.

Kisha ikaja miaka ya shida. Wino uliadimika, karatasi zikakosekana, na viwanda vilivyotuletea kazi havikuwa na sabuni wala mafuta ya kutia kwenye maboksi. Mwaka 1981 mama yake Bi Kaneez, Batulbai, alihamia Kanada pamoja na binti yake mkubwa. Mzee Mufaddal alifariki. Ernesti alirudi kulima karibu na Amani, Sadalla akavuka kwenda Mombasa. Kufikia 1984 meza tatu zilikuwa zimefunikwa mashuka. Bi Kaneez alibaki, akichora lebo za bidhaa ambazo hazikuwepo ili mkono usisahau. Alikula chakula chake cha mchana juu, peke yake. Sisi wa chini tulisema anajidai. Ukweli ni kwamba hakuna aliyepanda kumkaribisha.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa pakiti zinazong'aa kutoka nje, na wateja wakataka zao zing'ae vilevile. Mwaka 1995 meneja wetu, Bwana Shabbar, alinunua kompyuta na skana. Wengi tuliamini mama wa miaka hamsini na miwili hataiweza. Alijifunza kwa miezi saba, kitabu magotini.

Nilianza kupanda juu wakati huo, kufuata vipimo vya kukatia. Alikuwa amepiga picha boksi jeupe tupu kando ya dirisha. Akauingiza mchoro kwenye kompyuta, akautenga uso, ubavu na kifuniko, akauinamisha kila upande mpaka kingo zake zikalala juu ya kingo za boksi. "Wengi wanakosea hapa, Mama Precious," alinieleza. "Wanabandika rangi juu, wanafunika mikunjo yote. Kivuli cha boksi lazima kipite juu ya rangi. Hapo ndipo jicho linakubali."

Ili kujizoeza makopo ya duara, alichora lebo ya achari ya ndimu aliyokuwa akiitengeneza mama yake nyumbani, akaandika "Achari ya Batulbai", akaibandika kwenye picha ya kopo lililo juu ya meza ya jikoni kwake. Akaichapa, akaituma Kanada kumfurahisha mama.

Mwaka uliofuata, Bwana Methusela wa Muheza alitaka boksi la jemu yake ya machungwa. Hakuwa na uwezo wa kuchapa hata sampuli, na kiwanda chetu kilikuwa kinajadiliwa kufungwa. Bi Kaneez alitengeneza picha. Alipozungusha mchoro akagundua kwamba neno "machungwa" lingekatwa katikati na mkunjo, akalisogeza. Bwana Shabbar akaamua kuituma kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, na kumwambia kwamba maboksi tayari yako madukani. Nilikuwepo, vipimo mkononi.

"Boksi hili halipo," Bi Kaneez alisema. "Nitaandika 'Mfano' pembeni."

"Bi Kaneez, nani atajua? Watu hamsini hapa wanangoja kazi."

"Najua wanangoja. Bila neno hilo, picha haitoki."

Bwana Shabbar akashuka ngazi. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa mashakani, nilimuuliza kwa hasira anang'ang'ania nini. Akavua miwani. Akaniambia mama yake aliiweka ile picha ya achari sebuleni, akawaambia wageni wote kwamba jina lake linauzwa Tanga. Akaomba aletewe kopo moja. "Niliandika barua kumweleza kwamba ni picha tu," alisema. "Niliiandika mara nne. Dada akapiga simu kabla sijaituma. Mama alikuwa amefariki, na alikuwa bado anangoja kopo lake."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote kazini kwamba amefiwa. Miezi miwili ilikuwa imepita. Tuliketi, sikurudi chini mpaka saa ya kutoka.

Picha ilikwenda na neno "Mfano". Mnunuzi aliagiza maboksi elfu mbili, machache kuliko tuliyoomba, lakini mashine zilizunguka, na kazi nyingine zikafuata. Bwana Shabbar alinuna wiki mbili, kisha akaagiza neno hilo liandikwe kwenye kila picha inayotoka hapa. Linaandikwa mpaka leo.

Dada yake amemwita Kanada. Amejibu kwamba atakwenda kuzuru kaburi, kisha atarudi Ngamiani.

Tulipomuuliza anataka aagwe vipi, alisema hataki hotuba. Tupande tule naye mchana. Jumatano iliyopita tulipanda kumi na mmoja, tukafunua meza zote, na kwa kuwa viti vilikuwa viwili, wengi tulikula tumesimama. Aligawa pilau mwenyewe, akiuliza kila mmoja jina la mtoto wake.

Bi Kaneez, ahsante kwa mkono wako na kwa subira uliyotufanyia. Tunakuombea afya na safari njema. Ukirudi, Jumapili ni zamu yangu kukukaribisha chakula cha mchana nyumbani, na Jumatano wenzangu wamekwisha kuzigawana.

Lea Zabron, Idara ya Ukataji