Hita ya Bafuni na Jina la Shemeji

Ndugu waombolezaji, kwa unyenyekevu mbele za Mungu, familia inawasomea safari ya mzee wetu, fundi umeme mliyemzoea kwa jina la Tuone, maana hakukubali neno la mtu wala maandishi ya kiwandani kabla ya kutamka hilo.

Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1951, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya msingi ya mtaani, kisha chuo cha ufundi, ambako walimu walichoka naye kwa kupima upya walichokwisha kupima. Januari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akadumu humo hadi kustaafu mwaka 2006. Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na mama yetu, baada ya kumchunguza miaka miwili, ingawa mama husema mchunguzi alikuwa yeye, wakajaliwa watoto wanne.

Machi 1988 alinunua hita ya maji ya kuoga dukani kwa shemeji yake, kaka wa mama yetu, iliyoandikwa volti 240, wati 2,400, maana yake ivute ampea kumi. Maji yalichelewa kupata moto, marehemu akashuku, akapima kwenye ubao wa umeme karibu na mita, akapata volti 240 na ampea saba na nusu tu, akagawanya volti kwa ampea, ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, ukatoka omu 32 badala ya 24, akazidisha, nguvu ikatoka wati 1,800, akaenda dukani na kusema mbele ya wateja, “Shemeji, umeniuzia feki.” Shemeji akamjibu, “Wewe hata chai ya dada yangu unaipima kwanza,” akacheka pamoja na watu, lakini wateja wakaanza kupungua, na marehemu akaamini kicheko kile ni cha mwizi.

Mama alibaki katikati ya mume na kaka, hadi siku alipoegemea ukuta wa chumba cha watoto, unapopita waya wa bafuni, akakuta una joto kama pasi, akamwita mumewe, “Baba watoto, umempima kaka yangu, umepima na hita yake, waya wako umeupima lini?” Marehemu akapima bafuni hita ikiwa inawaka, volti zilikuwa 180, akazigawanya kwa ampea zile zile saba na nusu, akapata omu 24 kamili, hita ilikuwa halali. Volti sitini zilipotelea kwenye waya mwembamba na kiungo kilicholegea, alichokifunga kwa mikono yake, wati 450 zikiunguza ukuta wanapolala wanawe. Alizima umeme, akabadilisha waya, akamwomba shemeji radhi, lakini faraghani, na maneno ya dukani yakaendelea kutembea mtaani.

Mwaka 2019 aligundulika ana maradhi ya moyo, akatibiwa huku akiikagua kila dripu, hadi alipofariki hospitalini Jumanne, tarehe 4 Juni 2024. Kabla ya hapo alimwagiza mama kwamba historia hii isisomwe bila habari ya hita, kwa kuwa alimchafua mtu hadharani na hakuwahi kumsafisha hadharani, hivyo familia inatamka mbele yenu kwamba shemeji hakumuuzia feki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na shemeji, aliyemlisha kwa kijiko siku zake za mwisho.

Mzee wetu, neno lako limesemwa, pumzika kwa amani ya Bwana.