Leonadi Nikodemu, Mpiga Video wa Mtanda, na Vitambaa Vyake Vyeupe

Sogeeni karibu ndugu zangu, mlioko kule ukutani njooni huku kwenye mikeka, vijana mnaogonga sepetu tulieni, akina mama kilio kipumzike kidogo, tunyamaze wote, maana mjukuu wangu ana safari na mimi nina maneno ya kumsindikiza nayo. Herufi sizijui, anayewasomea ni Jerome, mdogo wa marehemu, lakini maneno ni yangu, mimi mama wa mama yao, na nimemwambia asiruke hata moja, kwa sababu tangu juzi kuna sauti inatembea humu uani kwamba Lusia, mke wa marehemu, ndiye aliyempa mumewe ugonjwa, na sitaki mwili ushuke chini, uongo ubaki juu.

Leonadi alizaliwa tarehe 14 Februari 1966 huko Nyangao, mtoto wa kwanza wa binti yangu Scholastica na Mzee Nikodemu, wote wawili wametangulia, na binti yangu alipofariki mwaka 1971 niliwachukua watoto nikahamia nao Mitole, Kilwa, tukalima ufuta na muhogo. Alikuwa mtoto wa kuuliza, akikaa jikoni ataniambia, "Bibi, mbona moshi ukiwa mbele ya mti ni wa buluu, ukipita mbele ya jua unakuwa mwekundu?", nami namjibu, "Kapalilie, baba, moshi hauliwi." Alisoma shule ya msingi hapo Mitole kuanzia 1974 hadi 1980, hakuchaguliwa kuendelea, akabaki shambani na mimi, hadi Juni 1985 alipokuja hapa Lindi kufagia studio ya picha ya Mzee Ahmadi, ambaye alimwingiza chumba cha giza na kumfundisha kazi, na hadi leo anamwita mwanangu.

Mwaka 1993, vitu vya nje vimeshakuwa ruksa na kila meli inashusha televisheni, alipata kamera ya video, kuukuu, ya kubeba begani, akawa mpiga video wa kwanza mtaani Mtanda. Lakini kamera ile ilikuwa kama mgeni asiyejua rangi za watu, chini ya taa za tyubu inawafanya kijani, chini ya karabai inawafanya wekundu kama matofali, na ni lazima kabla ya kazi uionyeshe kitu cheupe kweli, uiambie, hii ndiyo nyeupe, nyingine zote zipange kutoka hapa. Wenzake wa Dar es Salaam walikuwa na kadi za dukani, yeye akachukua chekeche langu la unga, maana nilikuwa nimeshahamia kwake hapa Lindi, akatoa wavu, akawamba kitambaa cha bafta, na ili king'ae akakichovya kwenye maji ya buluu, kama tunavyofanya wote kwa kanzu na mashuka.

Kwa kitambaa hicho alirekodi harusi ya Mwanaheri, mtoto wa Bi Zuwena, mwezi Novemba 1994. Bi Zuwena alikuja na mkanda mkononi, yupo hapa anisahihishe, akapiga kelele toka barabarani, "We Leonadi! Nimekupa bi harusi umenirudishia embe bivu! Mwanangu ana manjano kichwani hadi kidoleni, wakwe wanauliza anaumwa nini!" Leonadi hakubisha, alikaa na mkanda ule hadi akagundua kwamba buluu ndiyo iliyoidanganya kamera, aliionyesha weupe wenye buluu ndani yake, nayo ikaondoa buluu kwa kila mtu, wakabaki manjano. Akaenda kuomba radhi, akarekodi sherehe ya arobaini ya mtoto wa Mwanaheri bila malipo, na tangu hapo akatumia bafta mbichi isiyofuliwa, akakata vifuniko vyeupe vya makopo kuvalisha jicho la kamera, akachanganya chokaa na masizi kupaka kibao cha kijivu, na wapiga picha wa Njinjo na Kilwa Masoko walikuja kutengenezewa. Kabla ya kila kazi alijirekodi uso wake mwenyewe kwanza, akitoka sawa anaenda, akitoka manjano anajua kitambaa kimeharibika.

Tarehe 11 Mei 1991 alikuwa amefunga ndoa na Lusia, wakajaliwa Debora mwaka 1992 na Nikodemu mwaka 1996, na nyumba yao ilikuwa ya kucheka, Lusia akimwita Bwana Chekeche mbele za watu naye akifurahi.

Sasa nifikie ugonjwa, na hapa nawaomba masikio. Mwezi Juni mwaka huu wa 2001 alianza homa za jioni na kuumwa ubavu wa kulia, akasema ni kamera, imembonyeza miaka yote hiyo. Halafu akajirekodi uso, akatoka manjano. Akanijia nikipepeta, "Bibi, nani ametia buluu kitambaa changu?", nikamwambia hakuna aliyekigusa, akawamba kingine, akatoka manjano, akaenda dukani akakata bafta mpya mbele ya macho yake, akatoka manjano, akamlaumu muuza duka, akailaumu taa, akaanza kupaka vibao upya. Lusia alimwona akinawa uani mchana kweupe, akamwambia, na mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu haya, "Baba Debora, siyo kitambaa, ni macho yako yana manjano. Twende hospitali." Akamjibu, "Na wewe umekuwa televisheni?" Lusia akalia, akamfuata Mzee Ahmadi aje amshauri, akamfuata mjomba wake, mwanangu Valerian, na Valerian akasema, "Mwanamke asimtishe mtu mzima kwa kazi asiyoijua." Kumbe kitambaa kilikuwa kinasema kweli, kamera inasema kweli, manjano yalikuwa ndani ya mjukuu wangu, na yeye miaka yote amezoea kwamba uso ukitoka manjano kosa ni la nyeupe.

Alipelekwa hospitali tarehe 6 Agosti akiwa hawezi kusimama, daktari akakuta jipu kwenye ini, limeshapasuka ndani, akasema ugonjwa huu ukiwahiwa unatibika, akafanya alichoweza, na Leonadi akafariki Jumapili tarehe 19 Agosti, mkono wake umo mkononi mwa Lusia.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliokesha naye, majirani wa Mtanda mliopika na kuteka maji, Mzee Ahmadi na wapiga picha wenzake waliochonga jeneza, Bi Zuwena aliyeleta mchele, na wote ambao Jerome hakuwataja, Mungu anawajua. Lala, baba yangu Leonadi, lala usiwe na homa tena.

La mwisho. Asubuhi ya leo ukoo umekaa, na kwa mila yetu vitu vya marehemu vinafuata upande wa mama, yaani vinakuja kwangu kabla ya kufika kwa mtu mwingine, kwa hiyo nimegawa. Jerome anachukua baiskeli na suti ya harusi. Kamera anapewa Debora, Mzee Ahmadi atamfundisha akikua. Nikodemu anapewa saa ya baba yake. Mwanangu Valerian, ambaye juzi alipima vyumba kwa hatua maiti ikiwa bado ndani, hapewi kitu. Nyumba na kiwanja ni vya Lusia, na mimi kuanzia leo nahamishia kitanda changu chumba cha mbele, karibu na mlango, atakayekuja kumtoa ataanza kunitoa mimi.