Tunaomba Uitazame Kahawa

Mgeni rasmi, wazee wetu na majirani mliofika,

Karibu Kishanda. Sisi ni Kikundi cha Kahawa ya Mgeni. Risala hii tumeitunga wote, wake kwa waume, na anayeisoma ni Hellen, mke wa mwenyekiti wetu, Ta Mwijage. Ukisikia wivu humu, sehemu kubwa ni wake, lakini hata sisi wengine tunao.

TULIKOTOKA

Mgeni wa Mhaya hakai kinywa kitupu. Huletewa amwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yake ikakaushwa juani. Tulianza kwa kuchemshia harusi na misiba ya hapa, tukafika hadi dukani kwa Bwana Hemant, mjini Bukoba. Alituambia wateja wake wakikosa ya kwetu hawachukui nyingine.

KILICHOTUPATA

Mwaka jana alijiunga nasi Kokugonza, mjane kutoka Nyanga. Ni mzuri. Tunalisema mapema ili tusilizunguke. Wanaume walipanga awe anapitisha kikapu cha kahawa kila kikao, na kwa mila yetu mwanamke akimpa mtu kahawa hupiga magoti. Vikao vilivyokuwa vifupi vikawa vya kutwa. Hata wazee wasio na meno wakawa watafunaji.

Siku ya kufunga mzigo wa Bwana Hemant, Kokugonza alipiga magoti mbele ya mwenyekiti, akasema, "Ta, hii ya chini haijakauka. Tusiifunge."

"Sawa kabisa, Ma Koku," akajibu Ta Mwijage, akitabasamu. Kisha akaamuru ifungwe.

Wanaume walikuwa wanamtazama yeye. Sisi wanawake tulikuwa tunawatazama waume zetu wanavyomtazama. Kikao kilijaa macho, masikio hayakuwepo.

Mzigo ulirudi umeota ukungu. Wanawake tukasema Kokugonza ni mkosi, afukuzwe. Yeye akauliza, "Siku ile nilisema nini?" Hakuna aliyejua. Ilibidi ayarudie mwenyewe, neno kwa neno, tukiwa tumeinamisha vichwa.

KINACHOTUUMA

Kokugonza amesema asiposikilizwa leo anarudi kwao Nyanga. Akiondoka, kikundi kitabaki jina.

Tunamwonea wivu kwa sura yake. Tukikataa tutakuwa waongo. Lakini siku hizi wivu mkubwa zaidi ni wa ile kahawa ya wenzetu wa kijiji cha pili, iliyokaa dukani kwa Bwana Hemant, kwenye rafu yetu. Hellen aliiona kwa macho yake. Alirudi nyumbani hakula.

MAOMBI

Tunaomba utusaidie kujenga banda la kukaushia. Kokugonza ndiye atakayekueleza lijengwe vipi, akiwa amekaa kitini, kando yako. Kikapu cha kahawa atakuletea Ta Mwijage, na atapiga magoti. Amefanya mazoezi wiki nzima, na magoti yamemuuma.

Ombi la mwisho ni dogo, tumeliongeza sasa hivi. Uliposhuka kwenye gari tuliona ulikotazama. Hellen alikatazwa na mumewe kulisoma hili, na analisoma. Kokugonza akianza kuongea, tunaomba uitazame kahawa. Kisha ukisimama kutujibu, anza kwa kutuambia amesema nini.

Mungu akulinde katika safari yako, aibariki nyumba yako, na ambariki mama uliyemuaga asubuhi.

Ni sisi,
Kikundi cha Kahawa ya Mgeni,
Kishanda, Muleba.